Jina la Kwenye Kadi

Kwa miaka tisa nilimwamkia mdogo wangu shikamoo. Mimi, dada yake, ndiye niliyembeba mgongoni, mimi ndiye niliyemfuta kamasi, na alipofika darasa la pili nilimchapa mkono kwa mwandiko mbaya kwa sababu mwalimu wake nilikuwa mimi. Lakini tangu siku alipokalishwa mkekani akapewa jina la mjomba wetu, nilikuwa nikimkuta njiani napiga goti nasema, "Shikamoo, mjomba," naye anaitika, "Marahaba, mpwa wangu," bila hata kuona haya. Anayetaka kucheka acheke. Kwetu Chiwata jambo hili halichekeshi.

Mjomba mwenyewe alikuwa Dadi Mujibu, kaka wa tumbo moja na mama yetu, Bi Shakila. Mwaka 1968, korosho zilipokuwa zinamlipa mkulima, alinunua Landrova ndefu ya kijani kutoka kwa mzungu mmoja aliyekuwa anarudi kwao. Likawa gari la kwanza la mtu mweusi kijijini petu. Lilipeleka korosho Masasi, likapandisha maji ya Kitangari hadi Newala kiangazi chote, likabeba maharusi, wajawazito na maiti, mara nyingine kwa wiki moja. Watu hawakusema gari la Dadi. Walisema gari letu, hata wale ambao hawajawahi kulisukuma.

Mjomba alifariki mwaka 1991. Siku ya arobaini wazee walitandika mkeka uani, wakamkalisha mdogo wangu Sadallah, wakamfunika shuka nyeupe, na mama akampaka unga wa mtama kwenye paji la uso. Kisha mama akasema mbele ya ukoo mzima, "Dadi hakufa. Dadi huyu hapa." Akamwekea ufunguo wa Landrova kiganjani, akakifumba kile kiganja kwa mikono yake miwili.

Kwetu mali ya mtu hushikwa na mtoto wa dada yake, na anayeshika mali hushika na jina. Kuanzia siku ile hakukuwa na Sadallah tena. Mama aliyemzaa alimwita kaka. Watoto wa marehemu walimwita baba, hata Ashraf, mtoto mkubwa, aliyekuwa na duka lake Dar es Salaam na suti tatu. Mjane, Mwanaisha, akiletewa kuni mbichi alimlalamikia yeye kama mumewe. Na mimi nikaanza kupiga goti.

Sadallah hakuwa mtu wa makuu. Alikuwa na miaka thelathini na mitatu, mpole, mwenye mikono minene ya fundi na woga wa mtu aliyekabidhiwa kitu kisicho chake. Kila Ijumaa akitoka msikitini alifungua boneti, hata kama gari halina tatizo, akasikiliza injini kama daktari anavyosikiliza kifua. Siku moja aliniambia, "Mimi siogopi kufa. Naogopa gari hili kufa mikononi mwangu, halafu watu waseme Dadi alilipata, Dadi akalipoteza." Aliposema Dadi alikuwa anasema juu yake mwenyewe. Ndivyo jina lilivyomwingia.

Basi ikaja ile miaka ya soko huria. Kwanza walikuja wanunuzi binafsi wa korosho, wakiwa na malori makubwa na mizani isiyosema kweli. Kisha zikaja nguo za mitumba, vituo vya redio, soda za chupa za plastiki, na mwisho ikaja bima. Zamani bima ilikuwa ya serikali peke yake. Ulikuwa huchagui, unakata ile iliyopo, unabandika stika kwenye kioo, unaondoka. Mwaka 1999 tukaambiwa sasa tuchague. Mtu ambaye hajawahi kuchagua akiambiwa achague huchagua anayecheka naye.

Trafiki wa Masasi walikuwa wamemsimamisha Sadallah mara mbili kwa stika iliyokwisha muda. Akaja kwangu, maana mimi ndiye msomi wa familia, Mungu anisamehe. Tukaenda pamoja mjini, kwanza ofisi ya serikali. Pale tulimkuta karani mmoja anaitwa Yeremia, mtu wa Lupaso, mzee mkavu mwenye kalamu mbili mfukoni na uso wa mtu aliyelala njaa. Hakutukaribisha kiti. Aliichukua kadi ya gari, akaisoma mbele na nyuma.

"Dadi Mujibu ni nani?" akauliza.

"Mimi," akasema Sadallah.

Mzee Yeremia akamtazama. "Kadi hii ni ya mwaka sitini na nane. Wewe ulikuwa na miaka mingapi?"

Nikaeleza mimi habari ya mkeka. Alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akavua miwani. "Mwalimu, hata mimi nyumbani naitwa kwa jina la mjomba wangu. Mama yangu amekufa ananiita kaka. Lakini jina la mkekani halisomwi barabarani. Nendeni mkafungue mirathi, kadi ibadilishwe jina, ndipo mje. Na mkija, gari lenye umri huu nitalikatia bima ndogo tu. Hiyo inamlipa mtu utakayemgonga. Gari lako likivunjika, ni shauri lako."

Tulitoka pale tumenuna. Mirathi maana yake kwenda mahakamani, kupeleka barua Mtwara, kuitisha kikao, kumwita Ashraf kutoka Dar. Na kikao cha nini, wakati ukoo ulishakaa mkekani ukamaliza? Sadallah alisema tu, "Mzee huyu anataka niseme mjomba amekufa." Nikamjibu kuwa makarani wa serikali wote ndivyo walivyo, wamezoea kuwanyima watu. Nilisema hivyo. Sikumbuki nimewahi kusema neno la kijinga kuliko hilo, na nimefundisha miaka thelathini na moja.

Karibu na stendi kulikuwa na chumba kimepakwa rangi mpya ya bluu, na juu ya mlango picha ya mwavuli. Kampuni yenyewe iliitwa Bima ya Mwavuli. Ndani alikaa kijana nadhifu anaitwa Christopher, tai shingoni na jua lote lile, na alipotuona alisimama. Aliniamkia, akamwamkia Sadallah, akatuagizia soda. Alitoka nje mwenyewe, akaizunguka Landrova, akalipiga gurudumu kwa ncha ya kiatu.

"Mzee, hiki chuma," akasema. "Magari kama haya hayatengenezwi tena. Gari la namna hii kulikatia bima ndogo ni kulitukana. Sisi tunakupa bima kubwa. Ukigonga tunalipa, ukigongwa tunalipa, likiungua tunalipa."

"Hata kwa umri wake?" nikauliza.

"Mwalimu, umri wa gari ni matunzo."

Neno hilo lilimpata Sadallah palepale alipokuwa anaumwa. Ada yenyewe ilikuwa mara nne ya ile ya mzee Yeremia, na aliitoa yote kwenye mauzo ya korosho ya msimu ule, mabati ya nyumba yake yakasubiri. Christopher akanipa fomu niijaze kwa sababu, alisema, mwandiko wangu unapendeza.

Sasa nisikilizeni vizuri, maana hapa ndipo watu husema tulidanganya. Fomu iliuliza jina kamili la mwenye gari. Nikaandika Dadi Mujibu. Iliuliza gari amelimiliki tangu lini. Nikaandika 1968. Iliuliza mwaka wa kuzaliwa wa mwenye gari. Hapo kalamu ilisita kidogo. Christopher akasema, "Weka unaolingana na kadi, mambo yasigongane." Ndani ya gari ilikuwamo leseni ya zamani ya mjomba, nikaitazama, nikaandika 1926, na mdogo wangu akatia sahihi chini. Sikuhisi kwamba nasema uongo. Dadi alizaliwa 1926, Dadi alinunua gari 1968, na Dadi alikuwa amekaa kando yangu anakunywa soda. Ndivyo tunavyohesabu kwetu.

Christopher aliisoma fomu, akamtazama mdogo wangu, mwanamume wa miaka arobaini na moja asiye na mvi hata moja, akacheka. "Mzee, miaka sabini na mitatu umetunzika sana." Kisha akagonga muhuri. Alijua. Sina shaka alijua, na aligonga, kwa sababu yeye alilipwa kwa idadi ya fomu.

Siku ile tulirudi Chiwata na stika mpya yenye mwavuli. Mama aliigusa kwa kidole kwenye kioo, akauliza, "Sasa haliwezi kufa?" Sadallah akamwambia, "Likifa, litafufuliwa." Alifurahi kiasi kwamba alipiga honi mpaka kuku wa jirani wakaruka ua.

Mwezi wa kumi na moja, msimu wa korosho umeiva, alikuwa anashuka kutoka Newala na magunia na mapipa matupu, anaelekea Kitangari kuchota maji. Kwenye kona ya mteremko alikutana na lori la wanunuzi linapanda katikati ya barabara. Lori lilimsukuma kama mtu anavyosukuma mlango, Landrova ikabingirika mara mbili bondeni. Lori halikusimama. Waliokuwa shambani walimtoa Sadallah akiwa na mguu umevunjika mahali pawili. Asiyesikia la mkuu huvunjika guu, wahenga walisema, na mdogo wangu hakuvunjika kwa mfano. Chesisi ya gari ilikuwa imepinda, na injini imetoka nusu.

Nilipomkuta hospitali, mguu umefungwa plasta hadi pajani, hakulia wala kulalamika. Alisema, "Dada, nenda kwa Christopher." Dawa za maumivu zilimfanya asahau, akaniita dada. Nilitabasamu, nikaondoka.

Kampuni ilimtuma mkaguzi kutoka Dar es Salaam. Alikuwa mtu wa adabu, alipiga picha, akapima, akaandika kwamba gari haliwezi kutengenezwa. Moyo wangu ukatulia. Kisha akaja hospitali na faili lake.

"Mwenye gari ni nani?"

"Mimi."

"Jina lako?"

"Dadi Mujibu."

"Naomba leseni."

Leseni yake mwenyewe, ile ya kuendeshea, iliandikwa Sadallah Issa, amezaliwa 1958. Mkaguzi aliiweka kando ya fomu niliyoijaza kwa mwandiko wangu mzuri. Alizitazama zote mbili, akanakili namba ya leseni, akairudisha fomu kwenye faili, akatutakia afya njema.

Nilikwenda ofisi ya mwavuli nimewaka. Nilimwambia Christopher aseme mbele ya bosi wake kwamba ule mwaka wa kuzaliwa aliniambia yeye niuandike. Hakukasirika hata kidogo. Aliigeuza ile fomu kunielekea, akauliza kwa upole, "Mwandiko huu si wako, Mwalimu?"

Ulikuwa wangu. Hata nukta za juu ya herufi zilikuwa zangu. Nikashika mkoba wangu nikatoka.

Barua ya kampuni ilifika baada ya mwaka mpya. Ilisema hawawezi kuzungumza habari ya fidia mpaka ijulikane mwenye gari ni nani. Kama Dadi Mujibu yu hai, aje na kitambulisho. Kama amefariki, itolewe hati ya kiapo mahakamani kuthibitisha kifo chake, na aliyetia sahihi ajitambulishe kwa jina lake halisi. Niliisoma mara tatu nikitafuta mlango mwingine. Haukuwapo.

Sadallah alikaa na ile barua wiki mbili. Alikuwa amerudi nyumbani na magongo, anakaa kizingitini akitazama mahali gari lilipokuwa likiegeshwa, pale ambapo majani yalikuwa yameanza kuota. Wanawake wawili walikuwa wamejifungulia njiani mwezi ule wakipelekwa kwa baiskeli, na mtoto mmoja hakupona. Watu walikuja kumpa pole, na kila aliyempa pole aliuliza, "Mwavuli wamesemaje, Dadi?"

Mwisho akaniambia, "Nikisema neno moja, gari linarudi. Watu watapanda. Wazee wataelewa."

Ningemkataza. Mimi ndiye niliyekuwa mkubwa, japo nilimpigia goti. Badala yake nilimwambia kwamba hayo ni maneno ya karatasi tu, Mungu anajua moyo. Nilikuwa natafuta wa kunifutia kosa langu, nikamtuma yeye.

Tulikwenda mahakamani Masasi siku ya Jumatatu. Mama alisisitiza kuja. Alidhani ni kesi ya lori. Alivaa khanga zake mpya, akakaa benchi la nyuma, akanyoosha miguu. Hakimu alikuwa na haraka.

"Dadi Mujibu yuko wapi?"

Sadallah alikuwa amesimama kwa gongo moja, mkono mwingine juu ya msahafu.

"Nimekuuliza, Dadi Mujibu yuko wapi?"

"Alifariki."

"Lini?"

"Mwaka tisini na moja."

"Na wewe ni nani?"

"Sadallah Issa."

"Ongeza sauti, karani hasikii."

"Dadi amekufa," akasema mdogo wangu kwa sauti ambayo chumba chote kiliisikia. "Mimi ni Sadallah."

Niligeuka. Mama alikuwa amekwisha simama. Alijifunga khanga vizuri kiunoni, akatoka nje taratibu. Alipanda basi peke yake, yeye ambaye hakuwahi kusafiri bila mtu. Tulipofika Chiwata jioni tulimkuta ametandika jamvi ndani, amejifunga kaniki, ameketi chini na kichwa kimefunikwa. Majirani walikuwa wameanza kuingia na unga. Waliuliza nani amefariki.

"Kaka yangu," akasema mama.

Alikaa matanga siku tatu. Sadallah alikuja na magongo yake, akakaa mlangoni, akaeleza habari ya kampuni, ya hati, ya gari litakalorudi. Wazee walisikiliza. Hakuna aliyemfokea, nilitamani wamfokee. Mama ndiye aliyejibu, bila kumtazama. "Mimi nilisema mbele ya watu Dadi hakufa. Wewe umesema mbele ya msahafu amekufa. Mmoja wetu ni mwongo, mwanangu, na mimi sitaki awe wewe."

Mwanangu. Miaka tisa hakuwa amemwita hivyo.

Wazee wakasema jina lililozikwa kwa kiapo halipakwi unga tena. Hakuna mwingine aliyepewa. Dadi akaishia pale, na mpaka leo katika ukoo wetu hakuna anayeitwa hivyo.

Kampuni ilijibu kwa haraka safari hii. Ilishukuru kwa hati ya kiapo. Ilisema kwa kuwa aliyetia sahihi hakuwa mwenye gari, na mwenye gari alikuwa marehemu wakati bima inakatwa, basi bima ile haikuwapo tangu siku ya kwanza, wala fidia haipo. Ada iliyolipwa ingerudishwa, kwa haki, kwa warithi halali wa marehemu Dadi Mujibu. Ada ile, tusisahau, ilitoka kwenye korosho za Sadallah.

Warithi halali kisheria ni watoto wa mtu, si wa dada yake. Ashraf alikuja na barua ya mirathi iliyopigwa chapa vizuri. Alipokea ada, kisha akaleta lori likabeba mabaki ya Landrova yauzwe chuma chakavu. Simwiti mwizi. Alifanya kile karatasi ilichomruhusu, na mlango wa karatasi ile tuliufungua sisi kule mahakamani. Lakini alipomuaga mdogo wangu hakusema tena baba. Alimpa mkono, akasema, "Binamu, sheria ndiyo imesema hivyo. Ugua pole."

Mwanaisha, mjane, alisimama uani akitazama lile lori mpaka vumbi likatulia. Kisha akaingia ndani, na tangu siku ile kuni zikiwa mbichi hamlalamikii mtu.

Mzee Yeremia nilikutana naye mwaka uliofuata sokoni Masasi, amestaafu, anachagua mihogo. Nilimwamkia. Aliitika, akaniuliza habari za yule mwenye majina mawili. Nilimwambia sasa ana moja. Hakusema nilikwambieni. Afadhali angesema.

Lakini haya yote nimeyazoea, hata mama kufa bila kumwita tena kaka. Jambo moja ndilo sikulizoea. Asubuhi ya pili baada ya mahakama, nilikuwa nafagia mbele ya nyumba yangu. Nilimwona Sadallah anakuja njiani na magongo, polepole, amevaa kofia yake ya Ijumaa ingawa ilikuwa Jumatano. Kwa mazoea ya miaka tisa niliweka ufagio chini, nikaanza kupinda goti.

Akanishika bega asiniache nishuke. Akainamisha kichwa, kama nilivyomfundisha alipokuwa na miaka sita.

"Shikamoo, dada," akasema.

Marahaba ni neno fupi, na mtoto yeyote hulijua. Nilifungua mdomo mara mbili halikutoka, kwa sababu ile fomu niliijaza mimi. Alingoja kidogo kwa adabu, kisha akanipita kwenda kisimani.